Nani Ataubeba Mzigo Huu?



Ndugu zangu, nataka kuwasimulia kosa langu, kwani huenda nanyi mkalifanya bila kujua.

Mwaka 2025, vita vya Kivu vilipowasukuma maelfu ya Wakongomani kuvuka na kuingia kwetu Burundi, wengi kupitia mto Rusizi, nilikuwa katika mafunzo ya kazi ya ustawi wa jamii hapa Bujumbura. Niliwasikiliza waliofika mjini na kuandika habari zao kwa Kifaransa. Siku moja mama mmoja alinieleza safari yake kwa Kiswahili. Foleni ilikuwa ndefu. Nikayaingiza maneno yake, pamoja na jina lake, kwenye programu ya akili mnemba katika simu yangu, nikaiagiza iniandikie ripoti. Kufumba na kufumbua ikawa tayari, kwa Kifaransa kizuri kuliko changu.

Kabla hajatia sahihi nilimsomea kwa Kiswahili. Nilipofika kwenye habari ya kwamba ameachwa na mumewe, alinishika mkono. "Hapana, mwanangu. Hakuniacha. Tulipotezana njiani."

Yeye alikuwa amesema tu, "Mume wangu hayupo." Mashine ilijaza pengo kwa dhana. Nami sikumuuliza. Aliyepotezana na mumewe anaweza kuelekezwa kwenye huduma ya Msalaba Mwekundu ya kutafuta jamaa. Aliyeandikwa kuwa ameachwa, nani atahangaika kumtafutia mtu?

Usiku ule nilijiuliza: kosa ni la nani? Ni rahisi kuilaumu mashine. Lakini mnakumbuka kisa cha Sayyidna Umar (r.a.), alipomkuta usiku mama mwenye watoto wenye njaa, akaenda kuwachukulia unga. Mtumishi wake Aslam alipotaka kumbebea gunia, Umar alikataa akamuuliza kama atambebea pia mzigo wake Siku ya Kiyama. Angeweza kutuma mtu, na chakula kingefika. Alichojua ni kwamba jukumu halitumwi.

Haya si ya simu yangu peke yake. Huko Uholanzi, mamlaka ya kodi ilitumia mfumo wa kompyuta kupima nani anaweza kudanganya katika posho za malezi ya watoto, na uraia ukawa miongoni mwa vigezo. Maelfu ya wazazi walituhumiwa bila haki na kudaiwa fedha nyingi. Serikali ilijiuzulu Januari 2021. Kila ofisa angeweza kusema alifuata tu mfumo, na wazazi waliendelea kuumia. Surat Al-Hujurat inatukataza dhana nyingi na kupelelezana. Dhana haigeuki kuwa elimu kwa sababu imetoka kwenye kompyuta.

Wapo watakaoniuliza: je, anayengoja mwisho wa foleni hana haki? Anayo, na hoja hiyo ni nzito. Kuikataa zana inayookoa saa mbili, huku watu wamekaa juani, nako kunaweza kuwa dhulma. Sisemi tuitupe. Iturekebishie Kifaransa na itupangie ratiba. Lakini siri ya mtu ni amana. Nilipoituma habari ya yule mama nje ya chumba kile bila idhini yake, nilimtendea vibaya hata kama ripoti isingekuwa na kosa lolote.

Tangu hapo nimejiwekea masharti. Sitii jina wala alama ya kumtambulisha mtu. Naomba ruhusa kwanza, na akikataa naandika kwa mkono. Nikimaliza namsomea kwa lugha yake. Na uamuzi wa nani asaidiwe siiachii mashine.

Ile ripoti niliiandika upya, polepole, mama akiwa amekaa mbele yangu. Waliokuwa nyuma yake walingoja zaidi, nami niliwaomba radhi. Hilo nalo ni sehemu ya mzigo wangu.

Wabillahi tawfiq.