Kitanda Kimoja, Wanasheria Wawili

Je, mtu anaweza kuwa mkarimu kwa kitu ambacho ni chake nusu tu? Swali hili sikulitoa kwenye kitabu cha falsafa, ndugu msomaji. Nimelitoa kwenye chumba cha bweni chenye harufu ya soksi na viazi vya kukaanga, na waliolizua ni vijana wanaosomea sheria.

Vyuoni kuna neno linaitwa kubebana. Chumba kimegawiwa watu wawili, au wanne, kila mmoja na kitanda chake, jina lake limo kwenye orodha na ada ya bweni amelipa. Halafu mwenye kitanda anamwingiza mwenzake aliyekosa nafasi. Wanalala mzungu wa nne, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule, juu ya godoro la futi mbili na nusu. Kanuni za bweni zinakataza. Mlinzi wa getini anajua, mshauri wa wanafunzi anajua, na yule mama anayeuza maandazi pale nje anajua zaidi yao wote, maana anahesabu vikombe vya chai. Kila mtu anajua, na maisha yanaendelea.

Mimi chuo sikusoma. Nilimaliza kidato cha sita nikaingia mtaani, na sasa naandika riwaya ambayo bado haijapata mchapaji. Lakini anayetaka kuandika riwaya hana budi kukaa vijiweni, na kijiwe changu kwa muda mrefu kilikuwa chumba cha rafiki yangu anayesoma sheria katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Chuo sikitaji. Nikikitaja, kesho mlinzi atapita na orodha mkononi.

Kabla ya kitanda, nianze na maksi, kwa sababu vitu hivi viwili ni ndugu wa tumbo moja. Vyote ni haba na vyote vinagawiwa kwa namba.

Kwetu Tanzania hakuna mtihani wa peke yake wa kuingilia sheria. Ni matokeo ya kidato cha sita yanayosema. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kiwango cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu kwa shahada ni kufaulu masomo mawili ya tahasusi yako yenye jumla ya pointi 4, na chuo chenyewe kinaweza kupandisha kadiri kinavyotaka. Sheria ikikimbiliwa na wengi, anayebaki nje habaki kwa kuwa hajui kitu. Anabaki kwa sababu mbele yake kuna mtu mwenye pointi moja zaidi. Pointi moja, bwana! Tofauti ya B na C ya Historia. Mmoja anakuwa wakili, mwingine anakuwa mimi.

Sisemi hili kwa kinyongo. Nauliza tu: ile pointi moja ni ya nani? Aliyeipata atasema ni jasho lake, na hasemi uongo. Alipiga msuli mpaka macho yakawa mekundu. Lakini kuna aliyepiga msuli kwenye taa ya umeme na meza yake peke yake, na kuna aliyepiga msuli baada ya kumaliza kumsaidia mama kufunga genge, kwa kibatari. Wakipata wote B, wanaandikwa B. Karatasi haina nafasi ya kuandika kibatari.

Wamarekani wanao mtihani maalumu wa kuingilia shule za sheria, unaitwa LSAT. Ulianza mwaka 1948 na siku hizi alama zake zinakwenda kutoka 120 hadi 180. Ndani yake kulikuwa na sehemu ya mafumbo: nani kakaa karibu na nani, nani katangulia nani. Watahiniwa wengi waliyafumbua kwa kuchora. Basi akatokea mtahiniwa asiyeona, akaenda mahakamani: mimi siwezi kuchora, mnanipima macho au mnanipima akili? Shauri likaisha kwa makubaliano mwaka 2019, na kuanzia Agosti 2024 sehemu ile imeondolewa. Fikiri, msomaji. Kwa miaka mingi watu wazima wenye shahada zao waliamini wanapima akili ya kisheria, kumbe kwa mtu yule walikuwa wanapima kitu kingine kabisa.

Na sisi tumewahi kujaribu njia nyingine. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilisema kijana asitoke shuleni moja kwa moja kwenda chuo kikuu. Kwanza afanye kazi, kisha waliofanya naye kazi waseme ni mtu wa namna gani. Muda si mrefu wasichana wakaruhusiwa kupita bila kungoja, maana walikuwa wanapotelea njiani, na baadaye utaratibu wenyewe ukaachwa. Babu zetu wa siasa waliona kweli kwamba namba haimwambii mtu yote. Lakini ukiniuliza mimi, kumwachia bosi aandike kama wewe ni mwema ni hatari kuliko namba. Namba haina shemeji.

Haya, sasa kitanda.

Kitivo cha Sheria ndicho kitivo cha kwanza cha chuo kikuu katika nchi hii. Kilifunguliwa Oktoba 1961, hata uhuru bado, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, wanafunzi wakiwa hawafiki 15. Watu 15 hawawezi kukosa pa kulala. Baadaye chuo kikahamia Mlimani, idadi ikapanda, na vitanda vikawa vinafuata nyuma vikihema. Mwaka 2017 hapo Mlimani yalifunguliwa mabweni ya Magufuli, majengo 20 yenye nafasi 3,840, na kweli yalipunguza kilio. Lakini vyuo vya Dar ni vingi, na kila mwaka orodha ya vitanda ikibandikwa kuna anayeisoma mara tatu kutoka juu mpaka chini, eti huenda jina lake limejificha.

Katika chumba ninachokijua mimi walikuwemo wawili kwa orodha. Mmoja ni rafiki yangu, nitamwita Mwenyeji. Wa pili nitamwita Jirani. Wa tatu, ambaye orodha haimjui, nitamwita Mgeni. Wote watatu walikuwa wanasoma sheria, mwaka mmoja, darasa moja.

Mgeni aliingia chuo kwa pointi nyingi kuliko wenzake wote wawili. Kwao ni Chanika. Ana kipindi saa moja asubuhi, kwa hiyo alitakiwa kuamka saa kumi alfajiri, kupanda daladala mbili, kusimama njia nzima mkono juu, na kufika darasani shati limelowa. Jioni hivyo hivyo. Fedha za kujikimu alizokopeshwa, bumu kama wanavyoliita, zilikuwa zinagawanywa na watu wanne kule nyumbani, na kupanga chumba karibu na chuo ilikuwa ndoto. Maktaba inapojaa usiku, yeye yuko foleni ya daladala. Kwenye mtihani wa kwanza akashuka. Si kidogo. Mwenyeji akamwambia, "Kaka, lete begi."

Tendo gani jema kuliko hilo? Hakumpa hela, alimpa nusu ya usingizi wake. Mwenyeji ni mrefu. Mimi nimeona miguu yake inavyoning'inia nje ya kitanda mbu wakifanya sherehe. Alifanya hivyo mihula miwili na sikumsikia analalamika.

Usiku, baada ya msuli, wale vijana walikuwa wanaendesha kesi ya kubebana kama vile wako Mahakama Kuu. Mmoja anakuwa upande wa mashtaka, mwingine utetezi, mimi wananifanya jaji kwa kuwa sijui sheria. Upande wa mashtaka: kitanda kimetolewa kwa mtu kwa jina lake, si mali yake, hawezi kumpa mwingine. Anayevunja kanuni ndogo leo kwa sababu ana moyo mzuri, kesho akiwa hakimu atavunja kubwa kwa sababu hiyo hiyo, na kila hakimu anaamini ana moyo mzuri. Upande wa utetezi: kanuni iliwekwa ili wanafunzi wapate kusoma. Huyu akirudishwa Chanika hasomi. Basi kanuni ikifuatwa inaua kile ilichowekewa. Utetezi ulikuwa unashinda karibu kila usiku, na tulikuwa tunacheka.

Jirani hakuwahi kucheka sana. Ilinichukua muda kuliona hilo, maana ni mtu wa kujifunika shuka mapema. Siku moja tukiwa tunashuka naye kwenda kununua vocha akaniambia maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo. "Mnajadili kila siku kama Mwenyeji ana haki ya kumpa nusu ya kitanda chake. Hakumpa nusu ya kitanda. Kampa theluthi ya chumba. Mimi nilikuwa na nusu, sasa nina theluthi. Na nani aliniuliza?"

Nikamwuliza, sasa mbona hukusema? Akasema, "Nikisema mimi ndiye nitakuwa mtu mbaya."

Hapo ndipo penye uzito, msomaji mpenzi. Kuna meza moja, feni moja, soketi mbili. Mgeni ni msomaji wa usiku na taa ilikuwa inawaka hadi saa nane. Jirani ni wa alfajiri. Mwisho wa mwaka Mgeni alipanda, akafaulu vizuri kabisa. Jirani alikamatwa na sapu, masomo mawili. Siwezi kusema ni kwa sababu ya taa. Huenda angekamatwa hata akilala peke yake kwenye jumba la kifalme. Lakini mtu ambaye pointi zake ni za nusunusu ndiye anayehitaji usingizi kuliko wote, na ndiye aliyetozwa.

Tumezoea kumsifu mtoaji. Hisani haiozi, tumeimbiwa tangu utoto. Wahenga walimwekea mgeni mpaka, siku mbili, ya tatu jembe, lakini hata wao waliongea na mwenye nyumba peke yake. Hawakusema lolote juu ya mpangaji wa chumba cha pili. Nadhani ukarimu mwingi wa mjini ni wa namna hii: mkono mmoja unatoa na mkono wa mtu mwingine ndio unaopungukiwa. Mjomba anapokea mtoto wa dada yake kutoka kijijini, sifa zinakwenda kwa mjomba, na anayehamishiwa sebuleni ni binti yake. Jirani wa chumba kile alikuwa amefanya wema sawasawa na Mwenyeji, ila wake ulichukuliwa bila kuombwa, kwa hiyo haukuitwa wema. Uliitwa kununa.

Wengine wataniambia nawageuzia kibao wanyonge, kwamba mwenye kosa ni yule aliyeongeza wanafunzi bila kuongeza vitanda. Kweli tupu. Lakini yeye halali mle chumbani. Mwaka 2022, wakati Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo ilipotoa matokeo na kati ya wanafunzi 633 wakafaulu 26 tu kwa mkupuo wa kwanza, nchi nzima iligombana: walimu wabaya, mitihani migumu, vyuo vinapika digrii, vijana hawasomi. Iliundwa hata kamati. Kwenye vijiwe nilivyokaa mimi, hakuna aliyeuliza wale 633 walilala wapi mwaka wa kwanza, wala nani alipisha ili nani asome. Tunapenda kosa lenye mwenyewe mmoja, na ushindi wenye mwenyewe mmoja.

Nilimweleza Mgeni maneno ya Jirani, kwa idhini ya Jirani mwenyewe. Alikaa kimya. Halafu akaenda kumnunulia chipsi mayai, kitu ambacho hakikulipa chochote na wote walikijua hivyo, wakala.

Mwaka uliofuata jina la Mgeni lilitokea kwenye orodha. Alipata kitanda chake, chumba kingine, mwenzake wa chumbani ni kijana wa mwaka wa tatu asiyemfahamu. Wiki ya tatu akamjia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, wa sheria pia, pointi zake nzuri, anatoka Mbagala Chamazi, anaomba kubebwa. Mgeni akasema subiri. Akafanya kile ambacho Mwenyeji hakukifanya: alikwenda kwa mwenzake wa chumbani, akamweleza kila kitu, akamwomba ruhusa, akamwambia una haki ya kukataa.

Yule mwenzake alifikiri siku nzima. Jioni akasema hapana, kwa adabu tu. Ana utafiti wa kumalizia na anahitaji meza.

Mgeni akalikubali jibu. Yule wa mwaka wa kwanza bado anaamka saa kumi. Juzi nilikutana naye kituoni Simu 2000 saa mbili usiku, amejiegemeza kwenye nguzo, kitabu cha Sheria ya Mikataba kiko wazi mkononi, amesinzia.