Mbio na Taji Isiyoharibika

Soma: 1 Wakorintho 9:24–27, Mhubiri 9:11, Zaburi 147:10, 11, Luka 10:17–20.

Fungu la Kukariri: 1 Wakorintho 9:25.

Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya jambo walilolifahamu vizuri. Karibu na mji wao, huko Isthmia, michezo ilifanyika kila baada ya miaka 2, na mshindi alivikwa shada la majani. Paulo hakuwadharau wanariadha hao. Alisifu kiasi chao. Ila majani hunyauka, naye alitaka waamini wajinyime zaidi kwa ajili ya taji inayodumu.

Arthur Wharton alizaliwa mwaka 1865 huko Accra, katika nchi ambayo leo ni Ghana. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kimethodisti, naye alikwenda Uingereza akiwa kijana ili kuandaliwa kwa kazi ya Injili. Lakini huko miguu yake ndiyo iliyompatia jina. Mwezi Julai 1886, jijini London, alikimbia yadi 100, yaani kama meta 91, kwa sekunde 10 kamili, akawa bingwa wa mbio fupi. Masomo ya uhubiri alikuwa ameyaacha. Alidaka mpira katika lango la Preston North End, na mwaka 1889 akasajiliwa na Rotherham Town kwa malipo. Anatajwa kuwa mchezaji mweusi wa kwanza wa kulipwa duniani. Aliacha mpira mwaka 1902, baadaye akafanya kazi katika mgodi wa makaa ya mawe. Alipofariki Desemba 1930, alizikwa katika kaburi lisilo na jina. Jiwe lenye jina lake liliwekwa mwaka 1997, miaka 67 baadaye.

Tusimhukumu. Moyo wake anaujua Mungu peke yake, na kazi ya mgodini ni kazi halali. Tujifunze tu jinsi shangwe za wanadamu zilivyo na kumbukumbu fupi.

*Kulingana na Zaburi 147:10, 11, Mungu anapendezwa na nini kuliko nguvu za miguu?*

Jambo hili liko karibu nasi. Hapa Morogoro wako vijana wengi wenye mbio, na mpira umezipa familia kadhaa chakula na nyumba. Kipawa hicho ni cha Mungu. Tuseme basi kijana wa kanisa lako ameitwa kwenye majaribio ya timu, nayo yamepangwa Sabato asubuhi. Mama yake anauza ndizi sokoni, na karo ya wadogo zake haijalipwa. Si haki kumwambia kwa wepesi, “Achana nayo.” Anayemshauri aitunze Sabato awe tayari pia kwenda naye kwa kocha kuomba siku nyingine, na ikishindikana, amsaidie kubeba hasara hiyo. Kanisa linalomdai kijana uaminifu na kumwacha alale njaa halijamaliza wajibu wake.

Wanaoteremka kutoka milima ya Uluguru na mikungu kichwani wanajua kwamba kushuka kwa kasi si kazi. Kazi ni kufika mjini na mzigo ukiwa salama. Ndivyo ilivyo safari ya imani. Sulemani aliona kwamba wenye mbio si wao washindao siku zote. Nao wale sabini waliporudi wakishangilia mafanikio yao, Yesu aliwaelekeza kwenye furaha iliyo kubwa zaidi: majina yao yameandikwa mbinguni. Huko hakuna aliye wa Kristo atakayengoja miaka 67 ili akumbukwe. Mchungaji Mwema anawajua walio wake hata makaburini, na asubuhi ya ufufuo atawaita.

*Ni kitu gani unachokifuatia kwa bidii leo? Kitabaki na thamani gani Yesu ajapo?*

Maswali ya Kujadili:

1. Mtu anawezaje kutambua kwamba kipawa chake kimeanza kuchukua nafasi ya wito wake?

2. Je, darasa lenu linamfahamu mtu aliyepoteza kazi, mtihani au nafasi ya mchezo kwa sababu ya Sabato? Amueni leo ni msaada gani mtampatia juma hili, na nani ataupeleka.