Je, Meno ya Bandia ni Uongo?

Swali la wiki hii sikulitoa kwenye kitabu. Nililetewa na mama mmoja wa kanisa letu, mama anayeweza kunizaa. Ameniruhusu niliandike, mradi nisitaje jina lake.

Mama huyu aling'olewa meno yote yaliyokuwa yamebaki, juu na chini. Daktari akamwambia angoje fizi zipone kwanza, ndipo apimwe meno ya bandia. Yeye ambaye hakosi maombi ya Jumatano, akapotea. Nilipomtembelea alinikaribisha akiwa amefunika mdomo kwa pembe ya leso. Akaniuliza, "Pasta, nikivaa hayo meno si nitakuwa nadanganya watu? Na kuna dada ameniambia nikiwa na imani, Mungu ataniotesha mengine."

Hilo la pili ni jepesi, nianze nalo. Soma 2 Wafalme 20. Mungu alikuwa ameshaahidi kumponya Hezekia, na bado Isaya akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu. Paulo naye, katika 1 Timotheo 5:23, alimpa Timotheo ushauri wa tumbo lake. Hakumwambia kwamba hana imani. Mungu anaponya, amina. Lakini wewe unayemwambia mzee akae bila meno angoje muujiza, huku wewe mwenyewe unatafuna nyama choma, kuwa mwangalifu.

Sasa hilo la uongo. Mimi nilisomea biashara, na darasani tulifundishwa kutofautisha mambo mawili. Kampuni ikinunua mashine mpya badala ya ile iliyokufa, hakuna mkaguzi wa hesabu atakayelalamika. Lakini ikificha deni ili mkopeshaji aione iko sawa, huo ni udanganyifu, hata kama vitabu vinapendeza. Kwa hivyo kitu kuwa cha bandia si uongo. Uongo ni kumwacha mtu aamini jambo litakalomuumiza, na wewe unajua. Mguu wa bandia haumdanganyi mtu. Meno ya plastiki nayo yana kazi yake: kutafuna na kutamka.

Na aibu je? Zamani kwa Waluo, kijana aling'olewa meno sita ya mbele ya chini, na pengo hilo likawa alama kwamba sasa yeye ni mtu wa jamii. Wamaasai na Wakalenjin pia walikuwa na desturi ya kung'oa meno ya chini. Pengo lililokuwa heshima kwa babu, leo linamfanya mama ajifungie nyumbani. Basi aibu haimo kwenye ufizi. Imo kwetu sisi tunaotazama.

Nilimweleza hayo yote vizuri sana. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Pasta, wewe ni kijana, meno yako ni mazuri. Huwezi kuelewa."

Hapo nikanyamaza. Kwa sababu meno yangu matatu ya mbele si yangu. Nilianguka na boda boda nikiwa chuoni, na tangu siku hiyo navaa ya bandia. Mke wangu anajua. Ninyi hamkujua. Na nimesimama mbele yenu mara ngapi nikihubiri uwazi?

Nilifikiria kubadilisha mada. Singekuwa nimesema neno lolote la uongo. Lakini mama alikuwa ameketi pale akiamini yuko peke yake, jambo hilo lilikuwa linamuumiza, na mimi nilikuwa najua. Kwa kipimo kile kile nilichotoka kumpa, mwongo alikuwa mimi.

Nikayatoa, nikayashika mkononi. Nikamwambia, "Mama, ona." Aliangalia mkono, akaangalia mdomo wangu, leso ikaanguka. Tukacheka kama watoto, mapengo wazi.

Sisemi kila mtu asimame madhabahuni atangaze mambo ya mwili wake. Kufunika si dhambi, na si kila mtu anastahili kujua. Lakini kuna wakati mtu mmoja anauhitaji ukweli wako, na ukimnyima kwa kulinda sura yako, umemwacha aubebe mzigo peke yake.

Mama alishapata meno yake. Si rahisi. Ya juu yanashika kwa sababu yamefunika kaakaa, na mate yanasaidia kuyanasa. Ya chini yanachezacheza, ulimi unayasukuma. Siku za kwanza mate yalimjaa mdomoni. Yakamchubua ufizi, akarudi kwa daktari yakapunguzwa kidogo. Alianza na uji na ndengu, githeri ilingoja. Anakata chakula vipande vidogo na kutafuna pande zote mbili kwa pamoja, ili yasiinuke upande mmoja. Usiku anayatoa na kuyaweka kwenye maji. Tena ameambiwa mfupa wa taya huendelea kupungua baada ya meno kung'olewa, kwa hivyo baada ya muda itabidi yarekebishwe.

Lakini kilichomsumbua zaidi ni jina la Yesu. Lilikuwa linatoka "Yethu." Basi akawa anafunga mlango kila asubuhi na kusoma Zaburi kwa sauti, ulimi ujifunze upya.

Jumatano iliyopita alirudi kwenye maombi. Alisema "Yethu" mara mbili. Kijana mmoja nyuma akacheka. Mama naye akacheka, kisha akaendelea kuomba.

Wiki hii, mpendwa, jiulize: ni nani anayedhani yuko peke yake kwa sababu mimi nimefunga mdomo? Ukimjua, usimpelekee mahubiri kwanza. Mwendee, umwonyeshe pengo lako.

Mungu awabariki.