Mzigo wa Ndugu Yako, na Furushi Lake

Andiko: Wagalatia 6:1–5

Jumapili iliyopita Mchungaji alipofundisha Wagalatia 6, wengi mlisema amina. Mimi nilinyamaza, maana lile neno lilinigusa pabaya. Baada ya ibada nikamweleza. Akaniambia, "Hilo liandike, kuna mtu linamhusu." Basi naandika.

Wengi mnajua nasomea uuguzi. Mwaka wa pili tulipewa kazi ya kikundi: watu sita, kijiji kimoja, wiki tatu. Twende nyumba kwa nyumba, tuulize maji yanatoka wapi na kama yanachemshwa, tuangalie choo, tufungue vitabu vya kliniki tuone kama watoto wamepata chanjo ya surua ya miezi 9 na ile ya miezi 18. Halafu tuandike ripoti moja, na alama ziwe za wote.

Wanne tulienda. Ndugu mmoja alikuwa akiandika kwenye WhatsApp, "Niko njiani," mpaka jua linazama. Dada mwingine hakujibu kabisa. Sehemu zao nikaziandika mimi usiku, na stima ilipopotea nikaendelea na tochi ya simu. Lakini nilipofika ukurasa wa kwanza, mahali pa majina, mkono ulisita. Nikiandika majina sita, hiyo ni huruma ama ni uongo?

Wenzangu walisema, "Si uandike tu! Wewe ni mtu wa kanisa, usiwe na roho mbaya."

Pengine wewe pia unaona ni jambo dogo. Lakini hebu njoo nami wodi ya akina mama. Tunafundishwa kwamba mama akishajifungua, saa ile ya kwanza apimwe presha na kuangaliwa damu kila dakika 15. Ukimaliza unaandika ulichokiona, unaweka sahihi. Yule anayeingia zamu baada yako hana ushahidi mwingine. Anaamini jina lako. Sasa muuguzi akiandika namba bila kumgusa yule mama, na mama anavuja damu chini ya shuka, je? Jina ni ushuhuda. Linasema, "Nilikuwepo, nilifanya." Na mtu hajifunzi kudanganya siku ile anapoajiriwa. Anaanza mapema, kwa ripoti kama yetu, na anayemfundisha ni rafiki mwenye huruma.

Lakini Paulo hakunipa nafasi ya kujiona mtakatifu. Mstari wa 2 anatuagiza tubebeane mizigo. Mstari wa 5 anasema kila mtu atabeba furushi lake. Nilidhani anajipinga, kumbe ni vitu viwili, na hata Kigiriki kina maneno mawili hapo. Mzigo ni ule unaomlemea mtu mpaka anaanguka. Furushi ni lile la safari, ambalo kila msafiri anaweza kulibeba mwenyewe. Shida yangu ilikuwa moja: nilikuwa sijui ni nani kati ya wale wawili ana mzigo na ni nani amekataa furushi. Sikujua kwa sababu sikuwa nimeuliza. Nilikuwa nimenung'unika kwa kila mtu isipokuwa wao, na Mathayo 18:15 naijua vizuri sana.

Nikaenda. Yule dada alilia kabla sijamaliza kuongea. Akitoka darasani alikuwa anaenda kuuza mboga na mamake mpaka saa tatu usiku kwa sababu ya karo, na siku za kijijini hakuwa na fare. Aliona haya kusema. Nikamwomba afanye hesabu za majedwali saa ya lunch, hapo hapo shuleni. Alizifanya, na akanionyesha nyumba moja niliyokuwa nimeihesabu mara mbili. Mimi niliyejiita mwenye bidii!

Yule ndugu alicheka. "Si wewe ndiye unapenda kusoma? Mimi nataka kupita tu." Nikamwambia nyumba kumi zimebaki, tutaenda pamoja Ijumaa. Ijumaa nilimngoja stage mpaka saa tano. Hakuja.

Tukakubaliana kikundi kizima tuongeze ukurasa mmoja unaoonyesha nani alifanya nini, bila neno baya hata moja. Nikamwonyesha kabla hatujapeleka. Aliniita mnafiki. Mwalimu akamrudisha kijijini afanye zile nyumba kumi peke yake. Hatujapatana bado. Nikimkuta kantini namsalimia. Siku nyingine anaitika, siku nyingine hapana. Inaniuma, sitawadanganya. Lakini siku moja atasimama mbele ya mgonjwa, na mikono yangu haitakuwepo. Kumbebea furushi lake kungekuwa ni kumnyima mikono yake mwenyewe.

Na mimi je? Nilikuwa napenda kuwa yule anayefanya kila kitu. Kulalamika kulikuwa na utamu. Katika Kutoka 18, Yethro alimwambia Musa kwamba kazi ile ingemchosha yeye na watu pia. Mtu anayebeba yote huwachosha hata wale anaofikiri anawasaidia, kwa sababu hawabakishii nafasi.

Mpendwa, huenda wewe hauko shuleni. Lakini kuna chama, kuna kwaya, kuna matanga ambapo wale wale ndio huosha sufuria kila mara. Kabla hujanung'unika, kabla hujanyamaza ukafanya yote, nenda ukamuulize mwenzako. Akiwa na mzigo, weka bega. Akiwa amekataa furushi lake, mwambie ukweli kwa upole, na usimwandikie jina mahali ambapo hakuwepo.

Tuombe: Bwana, nipe macho ya kutofautisha aliyelemewa na aliyekataa, na unipe ujasiri wa kuuliza kwanza. Amina.