Gharama ya Kazi ni Deni la Nani?

Mfanyakazi anayenunua vocha kwa fedha zake ili awapigie wateja wa tajiri wake amemkopesha tajiri huyo bila kuombwa. Wanazuoni wa fiqhi waliligusa suala hili zamani katika mudharaba, pale mwenye mali anapompa mwenzake mtaji akafanye biashara. Maimamu Malik na Abu Hanifa walisema anayesafiri na mtaji huo atumie humohumo; Shafii, katika kauli yake mashuhuri, alikataa, kwa kuwa msafiri ana fungu lake katika faida. Hoja hiyo ina uzito, ila haimfai mwajiri wa leo: mtu wa mshahara hana fungu katika faida, basi abebe gharama kwa lipi?

Watasema simu angekuwa nayo hata bila kazi. Pingamizi hilo lilifika mahakama ya rufaa ya California mwaka 2014, likaanguka: mwajiri alipe sehemu ya haki, hata kama bili ya mfanyakazi haikuongezeka. Naona walipatia. Hasara ya mtumishi si kipimo pekee. Tuulize pia nani kanufaika na mali ya mwenzake. Kudai risiti na kukataa anasa ni haki ya mwajiri, nami simnyimi.