Mji wa Kuambiwa

Je, mtu anaweza kuujua mji ambao hajaukanyaga? Na kama anaweza, wajibu wa ukweli ni wa nani: wa yule aliyetangulia, au wa yule anayeuliza?

Swali hili si la vitabuni, wasomaji wenzangu. Hapa mkoani kwetu, wilayani Kasulu, ipo kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita. Maelfu wamehamia Marekani kutoka humo, baadhi yao katika mji wa Des Moines, makao makuu ya jimbo la Iowa. Rafiki yangu mmoja, aliyezaliwa kambini, aliungoja mji huo miaka mingi. Anajua una mito miwili, Des Moines na Raccoon. Kwamba nje ya mji ni mahindi mpaka macho yachoke. Kwamba Januari maji huganda. Yote kaambiwa kwa simu na jamaa waliotangulia.

Wapo wanaosema waliotangulia ni waongo. Eti hutuma picha ya gari, hawatumi picha ya zamu ya usiku. Mimi nasema tusiwaonee. Mwaka 1856 wamisionari Erhardt na Rebmann, wakiwa pwani, walitoa ramani ya bara kutokana na masimulizi ya watu wa misafara. Wakachora ziwa moja kubwa ajabu, kama konokono asiye na gamba. Februari 1858 Burton na Speke wakafika Ujiji, wakakuta Tanganyika ni ziwa jembamba, la peke yake. Agosti mwaka ule ule Speke akaliona la Nyanza, mbali kabisa. Sasa hapo nani alidanganya? Kila msimulizi alisema ziwa alilolijua. Msikilizaji ndiye aliyeyaunganisha.

Ndivyo tunavyofanya na miji. Picha ya gari ni ya kweli, na ya theluji ni ya kweli. Mji tunaoushona kwa picha hizo ni wetu wenyewe. Kwa hiyo deni ni la pande mbili. Aliyetangulia asifiche akiulizwa, na anayefuata aulize. Rafiki yangu aliuliza: mama akiingia kazini usiku, watoto wanalala na nani? Basi la mwisho saa ngapi? Mzee asiyejua Kiingereza anaongea na nani mchana kutwa? Maswali hayo yanashinda picha mia.

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Rafiki yangu akabaki na mji kichwani. Je, elimu ile imepotea? Naona haikupotea, ila inatuumbua sisi. Kijana huyu anajua mabasi ya Des Moines, lakini Ziwa Tanganyika hajaliona, maana kutoka kambini ni kwa kibali. Nasi wa Mwanga na Ujiji, tunaoshinda Kibirizi tukingoja dagaa, tumeuliza nini juu ya Nyarugusu? Tunajua kuna Wakongo, tunajua kuna mgao, basi. Konokono wetu tumemchora, tukatosheka.

Umbali si hoja, bwana. Yeye aliuliza mpaka ng'ambo ya bahari. Anayetaka kuandika riwaya juu ya watu na aanze na mji wa jirani, aulize watoto wanalala na nani.