Tulidhani Yumo Msafarani

Somo la juma: Luka 2:41–52

Juma lililopita mama watoto alikuwa akichagua nguo za kugawia majirani. Chini kabisa ya sanduku akatoa shati jeupe la shule, la mtoto wetu wa tatu. Akalitandaza juu ya kiti, akacheka, kisha akanyamaza. Nami nililikumbuka. Shati hilo lilitundikwa msumarini jioni ya tarehe 18 Machi 2020, Rais Tshisekedi alipotangaza kwamba shule, vyuo na makanisa vinafungwa kwa sababu ya Korona. Halikuvaliwa tena hadi tarehe 12 Oktoba, mwaka mpya wa masomo ulipoanza. Asubuhi ile mikono yake ilikomea mbali na kifundo. Kwa karibu miezi saba kijana alikuwa amekua mezani petu, mbele ya macho yetu, na habari hiyo tuliletewa na shati.

Unakumbuka siku zile hapa Ibanda, Bukavu? Mwisho wa Machi wagonjwa wa kwanza walitambuliwa mjini. Mpaka wa Rwanda ulikuwa umefungwa, na mama aliyezoea kuvuka mto Ruzizi kila asubuhi na beseni lake, ili jioni watoto wapate kula, alibaki nyumbani akilitazama. Kule sokoni Nyawera watu walinunua haraka haraka, kashne, yaani barakoa, zikining'inia kidevuni. Jumapili ilipita bila wimbo. Radio Okapi ilirusha masomo hewani, lakini betri nazo zilitaka pesa, na nyumba ya chumba kimoja yenye watoto sita haina pembe ya kusomea. Sisi wakubwa tulikuwa na hofu mbili, ugonjwa na njaa. Tulihesabu unga, tukahesabu makala ya kupikia, na usiku tukahesabu watoto. Wote wapo. Tukafunga mlango, tukalala.

Luka anatusimulia juu ya wazazi waliohesabu hivyo hivyo. Yusufu na Mariamu walikuwa wakirudi kutoka sikukuu ya Pasaka Yerusalemu, na mtoto wao alikuwa na miaka 12. Walitembea mwendo wa siku nzima wakidhani yumo msafarani. Hawakuwa wazazi wabaya. Watu walikuwa wengi, jamaa walikuwapo, na mvulana wa umri ule habebwi tena mgongoni. Jua lilipotua ndipo walipomtafuta kati ya ndugu na rafiki, wakamkosa.

Je, mpendwa, nasi hatukutembea hivyo? Hali ya dharura ilikwisha Julai 2020. Agosti makanisa yakafunguliwa, tukaimba tena. Desemba shule zikafungwa mara ya pili, hadi tarehe 22 Februari 2021. Kisha tukasema yamekwisha, tukashika njia. Na kweli kwetu sisi wakubwa mengi yalikwisha. Lakini mwaka mmoja wa mtu wa miaka 45 haulingani na mwaka mmoja wa mtu wa miaka 13.

Kati ya miaka 10 na 19 mtu hujengwa mara ya pili. Mwili hurefuka, lakini kazi kubwa zaidi hufanyika ndani. Katika ubongo, sehemu za hisia huwaka mapema, na ile ya kupima, kupanga na kujizuia huchelewa, hata kupita miaka 20. Ndiyo maana kijana hulia au hukasirika kwa jambo ambalo wewe unaliona dogo. Katika umri huo rafiki ni chakula. Kwa kutembea na wenzake kutoka shule, kwa kutaniana, kugombana na kupatana, kijana hujifunza yeye ni nani akiwa mbali na mama yake. Ukimfungia nyumbani wakati huo umemwepusha na ugonjwa, na huenda hapakuwa na njia nyingine. Lakini pia umemnyima ule uwanja aliotakiwa kukulia.

Haikuwa Bukavu peke yake. Uganda shule zilikaa karibu miaka miwili bila kufunguliwa kikamilifu, hadi Januari 2022, na wasichana wengi hawakurudi darasani kwa sababu walikuwa na watoto mikononi. Machi mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba katika mwaka wa kwanza wa janga, wasiwasi na sonona, ile huzuni isiyomtoka mtu, viliongezeka kwa asilimia 25 duniani, na vijana na wanawake ndio walioguswa zaidi. Shirika hilo hilo linatukumbusha kwamba nusu ya magonjwa ya akili huanza kabla ya mtu kufikisha miaka 18. Yaani huanza wakati bado analala nyumbani kwetu.

Niliposhika lile shati nilijiuliza swali jepesi: je, niliwahi kumwuliza? Jioni ile umeme ulikuwa umekatika. Nilimkuta kijana barazani, anaangalia giza la ziwa. Sasa amenipita kimo. Nikaketi kando yake. "Papa," nikamwita, kama tunavyowaita watoto wetu wa kiume hapa, "mwaka ule wa Korona, wewe ulikuwa namna gani?"

Alikaa kimya mpaka nikadhani hakusikia. Kisha akasema, "Mulikuwa munaniuliza tu kama nimenawa mikono."

Nikangoja. Mpendwa, kungoja ni kazi ngumu kwa mtu aliyezoea mimbari. Baadaye akasema, "Koko alipokufa mukaniambia nibaki nilinde nyumba." Koko ni mama yangu, aliyefariki huko Bagira Juni ile, kwa uzee. Kilio cha nyumbani kilikuwa kimekatazwa. Maiti ilitoka mochwari moja kwa moja hadi kaburini, na watu wachache. Mimi ndiye niliyechagua nani aende. Nilimwacha yeye, aliyelala chumba kimoja na Koko tangu utoto wake, kwa sababu alikuwa mtoto, na nilidhani ninamkinga. Akaongeza, kwa sauti ya chini, "Tangu hapo usiku nilikuwa nasimama mlangoni penu, nasikiliza kama munapumua."

Kwa muda gani? Miezi, alisema. Na asubuhi sisi tulimwita mvivu kwa sababu hakuamka.

Nilikuwa na majibu mengi. Amri ya serikali, hofu, simu za washirika waliotaka maombi usiku na mchana. Nilianza moja, nikaliacha katikati. Nikasema tu, "Nisamehe, mwanangu." Alijibu, "Sawa, Papa," akanyanyuka kwenda kuchota maji. Sikupata zaidi ya hapo, na sikustahili kulazimisha zaidi. Msamaha nao ni kitu kinachokua. Haufai kuvutwa shina ili urefuke.

Tazama alichofanya Mariamu. Alipompata mwanawe baada ya siku tatu, aliuliza, akasema wazi kwamba walimtafuta kwa uchungu. Akajibiwa jambo ambalo yeye na Yusufu hawakulielewa. Hakubishana nalo. Aliliweka moyoni. Je, tunaweza kupenda jibu tusilolielewa? Na Luka anamalizia kwa habari njema: mtoto alirudi nao Nazareti, akaendelea kukua katika hekima na kimo. Wazazi walichelewa kwa siku nzima, lakini walirudi nyuma, na kukua hakukukoma. Mungu hajafunga mlango kwa mzazi anayegeuka barabarani.

Nawe unaweza kugeuka. Ukiona kijana halali au analala mchana kutwa, amejitenga na wenzake, chakula hakimpendezi, hasira imekuwa lugha yake, na hali hiyo inapita majuma mawili, usikimbilie kusema amerogwa wala ana kiburi. Uliza, kaa, sikiliza. Akikuambia kwamba amechoka kuishi, usimwache peke yake, na usiahidi kuificha siri hiyo. Bukavu yetu ina watu waliosomea maumivu ya namna hii, katika kituo cha SOSAME na katika hospitali ya Panzi. Kwenda kwao si kukosa imani. Anayemwombea mtoto aliyevunjika mguu humpeleka pia kwa daktari, na moyo nao ni kiungo.

Ninakuomba neno moja juma hili. Chagua mtoto mmoja wa nyumbani kwako, hasa yule asiyesumbua. Tembea naye, hata kama ni kwenda kununua makala. Mwulize mwaka ule ulikuwaje kwake. Na umwulize pia juu ya Februari 2025, vita ilipoingia mjini mwetu, kwa maana waliokuwa na miaka 8 wakati wa Korona walikuwa na miaka 13 walipolala chini wakisikia risasi. Jeraha la pili hukaa juu ya la kwanza lisilooshwa.

Jumamosi kijana wangu nami tulikwenda kaburini kwa Koko. Tuling'oa majani, hatukusema mengi. Alipomaliza alipangusa mikono, akasema, "Koko, nimekuja." Nilimpa kisogo ili alie kwa nafasi yake.

Tuliporudi, tulikuta mama watoto amelifua lile shati na kulipiga pasi. Mtoto wa jirani, mwenye miaka 13, alikuja kulijaribu. Mabega yakakaa sawa, mikono ikafika kifundoni, akatabasamu, akashukuru, akageuka kuondoka. Nikamwita arudi, nikamsogezea kiti, nikamwuliza kama usiku analala.